Mganga Hajigangi: Maisha ya Daktari Frederick Treves

Mlezi wa Chama cha Kiswahili aliponiambia niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufa, wenzangu walidhani nitamchagua Shaaban Robert au Mekatilili wa Menza. La hasha! Nimemchagua daktari mpasuaji, Mwingereza, aliyezikwa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Usicheke kwanza. Ninayo sababu, nayo imenikaa moyoni kama mwiba.

Sababu yenyewe ni ndugu yangu mdogo mwenye umri wa miaka 8. Mwaka jana, Jumatano asubuhi tukijitayarisha kwenda shule, aliniambia kuwa tumbo linamuuma karibu na kitovu. Nami nilijua hajamaliza kazi ya ziada ya hesabu. Nikamwambia aache ujanja, avae viatu twende. Akavaa, akaenda. Jioni akarudi ameinama kama mzee wa miaka 80, akakataa chakula, akatapika. Nyanya akasema ni minyoo, akampa dawa ya kuharisha. Alhamisi maumivu yakahamia upande wa kulia, chini. Mama akanunua dawa za kutuliza maumivu dukani. Ijumaa alfajiri maumivu yakapungua ghafla, sote tukamshukuru Mungu. Kumbe! Kufikia jioni mwili wake ulikuwa moto kama jiko, na tumbo limekuwa gumu kama ubao. Ndipo tukamkimbiza hospitali.

Daktari alimgusa tumbo akasema ni kidole tumbo, tena kimekwisha kupasuka. Tulidhani ataingizwa chumba cha upasuaji papo hapo. Lakini wapi! Alitundikiwa maji ya mishipa, akadungwa dawa, na tukaambiwa atapasuliwa asubuhi. Baba alifoka, akasema wanataka mtoto afe mikononi mwao. Daktari mmoja kijana alimketisha chini kwa heshima, akamweleza kwamba hata Mfalme wa Uingereza aliwahi kuwa na ugonjwa huu na daktari wake alingoja siku kadhaa kabla ya kushika kisu. Akaongeza kwamba daktari huyohuyo alikuwa amemzika binti yake kwa ugonjwa uleule.

Maneno hayo sikuyasahau. Nilianza kumtafuta mtu huyo katika maktaba na katika kompyuta ya shule, na haya ndiyo niliyoyapata.

Frederick Treves alizaliwa tarehe 15 Februari 1853 katika mji mdogo wa Dorchester, jimbo la Dorset, kusini mwa Uingereza. Baba yake hakuwa tajiri wala mtu wa ukoo mkubwa. Alikuwa fundi wa kutengeneza viti na mapambo ya nyumba. Akiwa mtoto, Treves alisoma katika shule ya William Barnes, mshairi aliyekuwa akitunga kwa lahaja ya watu wa Dorset. Sisi wa Chama cha Kiswahili tunaopenda lahaja tuliangalie jambo hilo! Baadaye alipelekwa London kuendelea na masomo, na mwaka 1871 akaanza kusomea udaktari katika Hospitali ya London, mtaa wa Whitechapel.

Whitechapel ya siku hizo haikuwa mahali pa mchezo. Ilikuwa mitaa ya maskini, nyumba zimesongamana, moshi na uchafu kila upande. Wagonjwa walikuwa wengi mno, na kijana Treves akapata mikono yenye ujuzi. Mwaka 1877 alimwoa Anne Mason, nao wakajaliwa mabinti wawili. Mmoja aliitwa Enid na mdogo wake aliitwa Hetty. Tafadhali msomaji, likumbuke jina la Hetty.

Mwaka 1884 Treves alikutana na mtu aliyelifanya jina lake likumbukwe hadi leo hata na wasiojua lolote juu ya upasuaji. Katika duka moja lililoelekeana na hospitali, watu walikuwa wakilipa pesa kumtazama kijana mmoja aliyeumbuka kwa ugonjwa, kichwa kikubwa na ngozi imejaa manundu. Walimwita Mtu Ndovu. Jina lake halisi lilikuwa Joseph Merrick. Treves alimchunguza, na baada ya miaka miwili, Merrick alipokuwa hana mbele wala nyuma, alipewa vyumba vya kuishi hospitalini. Treves alimtembelea mara kwa mara wakawa marafiki. Merrick aliishi hapo hadi alipofariki mwaka 1890, akiwa na miaka 27. Jambo hili lanionyesha kuwa Treves hakuwa mtu wa moyo mgumu.

Sasa tuje kwenye tumbo. Kidole tumbo ni kijibomba chembamba, urefu wake kama kidole cha mtu, kinachoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana, upande wa kulia chini. Kikizibika huvimba, hujaa usaha, na kisipotibiwa huweza kupasuka. Uchafu ukimwagika, utando unaofunika matumbo yote huwaka kwa uambukizo, na hapo ndipo penye mauti. Mara nyingine mwili hujitetea. Utumbo na mafuta ya tumboni hukizunguka kile kidole kama boma, na usaha ukabaki ndani kama jipu.

Zamani watu hawakujua kwamba kidole hiki ndicho mkosaji. Ni kweli kwamba mwaka 1735, huko London, mpasuaji Claudius Amyand alimpasua mvulana wa miaka 11 aliyekuwa na ngiri, akakuta humo kidole tumbo kilichotobolewa na pini, akakikata na mtoto akapona. Lakini hilo lilikuwa kama bahati. Ni mwaka 1886 tu ambapo Reginald Fitz wa Boston, Marekani, alieleza wazi kwamba maumivu mengi ya upande wa kulia hutoka katika kidole tumbo, akaupa ugonjwa jina unaotumia hadi leo, na akahimiza upasuaji wa mapema.

Treves naye alikuwa bingwa wa matumbo. Mwaka 1883 alikuwa amepata tuzo kwa kazi yake juu ya kuzibika kwa utumbo. Mnamo Februari 1887 alimpasua mgonjwa aliyekuwa akishikwa na maumivu mara kwa mara. Alingoja mpaka maumivu yalipotulia, kisha akafungua tumbo. Alikuta kidole kimejipinda, akakinyosha, akakiacha palepale bila kukikata. Mgonjwa akapona. Kuanzia hapo Treves akafundisha kwamba, isipokuwa hali ikiwa mbaya sana, heri mpasuaji angoje joto la ugonjwa lipoe ndipo apasue. Kwake yeye, subira ilivuta heri.

Usimwone mjinga, msomaji. Hapakuwa na penisilini siku hizo, kwani iligunduliwa mwaka 1928. Kupasua tumbo lililojaa usaha wakati ugonjwa umepamba moto kulikuwa kama kuchokoza mzinga wa nyuki. Wengi walikufa mezani au siku chache baadaye. Hata katika mji mmoja wa Chicago mabingwa hawakusikilizana. John B. Murphy alihimiza kupasua mapema, dalili zikianza tu. Albert Ochsner naye alisema kwamba ikiwa uchafu umekwisha kuenea tumboni, mgonjwa apumzishwe bila kula chochote kwanza, kisu kije baadaye. Mmoja alishika methali ya chelewa chelewa utampata mwana si wako, mwingine akashika ya haraka haraka haina baraka. Nani alisema kweli? Ndilo swali lililokuwa kichwani mwa baba yangu usiku ule.

Mwaka 1898, akiwa na miaka 45 tu, Treves aliacha kazi yake katika Hospitali ya London. Alikuwa na wagonjwa wengi wa binafsi na jina lake limevuma kote. Vita vya Makaburu vilipoanza Afrika Kusini mwaka 1899, alikwenda Natal kutibu majeruhi katika hospitali ya mahema. Aliona vijana wakiletwa wamekatika viungo kutoka Colenso na kwingineko. Baadaye aliandika kitabu juu ya mambo hayo.

Kisha ikaja siku nyeusi. Mwaka huo wa 1900 binti yake mdogo Hetty alishikwa na tumbo. Alikuwa bado binti, hajafika miaka 20. Ilikuwa ni kidole tumbo, nacho kikapasuka. Ugonjwa ulipokuja kutambuliwa sawasawa, wakati ulikuwa umekwisha pita. Hetty akafariki dunia.

Jamani! Hebu fikiri. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akiwafundisha madaktari wengine juu ya kidole tumbo. Watu walitoka mbali kumletea watoto wao. Na mtoto wake mwenyewe, wa damu yake, akamponyoka. Waliosema mganga hajigangi walijua walilolisema. Niliposoma habari hii nilifunga kitabu, nikakaa kimya kwa muda. Nilikumbuka ile Jumatano asubuhi, na viatu nilivyomlazimisha ndugu yangu avae.

Miaka miwili baadaye Treves alijaribiwa tena. Malkia Victoria alikuwa amefariki mwaka 1901, na mwanawe Edward wa Saba alikuwa atawazwe rasmi tarehe 26 Juni 1902. Wageni walikuwa wamefika kutoka pande zote za dunia, mitaa ya London imepambwa, karamu imeandaliwa. Tarehe 14 Juni Mfalme, mwenye miaka 60 na mwili mnene, akaanza kuumwa na tumbo. Treves aliitwa, akamwona tarehe 18. Palikuwa na uvimbe upande wa kulia. Wakangoja. Hali ikaelekea kuwa nafuu, na Mfalme akasafiri hadi London tarehe 23 akidhani mambo yamekwisha. Usiku huo homa ikapanda na uvimbe ukarudi kwa kishindo.

Asubuhi ya tarehe 24 Treves na madaktari wengine, akiwemo mzee Lister aliyewafundisha wapasuaji kutumia dawa za kuua viini, walikubaliana kwamba sasa hakuna kungoja tena. Mfalme akakataa katakata. Alisema lazima aende kanisani kutawazwa, hawezi kuwaangusha watu wake. Inasimuliwa kwamba Treves alimjibu bila kuogopa kuwa akienda, ataingia kanisani akiwa maiti. Si mchezo kumwambia mfalme maneno hayo! Lakini mtu aliyekwisha kumzika Hetty angeogopa nini tena?

Mchana huo, katika chumba kimoja cha kasri la Buckingham, Mfalme alipewa dawa ya usingizi. Treves alipasua. Kwa sababu ya unene wa mwili ilibidi kisu kiingie ndani sana kabla ya kulifikia jipu. Usaha ukatoka, akaweka mipira miwili ya kuutolea nje, akaishia hapo. Wengi hudhani alikikata kidole tumbo cha Mfalme. Hakukikata. Alijua kuwa kukitafuta katika usaha ule kungeweza kumwua mgonjwa, hivyo akafanya lililotosha. Kesho yake Mfalme alikutwa ameketi kitandani akivuta sigara. Tarehe 9 Agosti 1902 akatawazwa, akaishi hadi mwaka 1910. Treves akapewa cheo cha heshima cha kurithiwa, na watu wa kawaida waliokuwa wakiogopa upasuaji wa tumbo wakaanza kuuona kuwa ni tiba kama tiba nyingine.

Basi tazama, msomaji. Alimngoja Mfalme siku chache, kisha akakataa kumngoja hata siku mbili ili atawazwe. Mtu mmoja, ugonjwa mmoja, majibu mawili. Nadhani hapo ndipo penye somo. Kungoja kwake hakukuwa kulala. Alikuwa akipima joto, akigusa uvimbe, akihesabu mapigo, na dalili zilipobadilika naye akabadilika.

Baada ya hapo Treves alipenda kusafiri na kuandika. Hata kwetu alifika! Alipitia Mombasa, akapanda gari la moshi la Reli ya Uganda kupanda bara hadi kwenye Ziwa Viktoria, na mwaka 1910 akatoa kitabu juu ya safari hiyo ya Uganda. Mwaka 1923 alichapisha kumbukumbu zake za Joseph Merrick, na tarehe 7 Desemba mwaka huohuo akafariki mjini Lausanne, Uswisi, akiwa na miaka 70. Kilichomwua ni uambukizo wa utando wa tumbo, uleule ambao kidole tumbo kikipasuka huuleta. Majivu yake yalirudishwa Dorchester, na miongoni mwa waliohudhuria mazishi alikuwa mwandishi mashuhuri Thomas Hardy, mtu wa jimbo lake.

Je, swali la Treves limekwisha? Bado kidogo. Nilisoma kwamba mwaka 2011 madaktari wa Memphis, Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 131 ambao kidole tumbo chao kilipasuka. Kundi moja lilipasuliwa kabla ya saa 24 kwisha, lingine likapewa dawa za kuua viini na kupasuliwa baada ya wiki 6 hadi 8. Waliopasuliwa mapema walirudia shughuli zao baada ya siku kama 14, wale wengine kama 19, na waliopata matatizo walikuwa wengi zaidi katika kundi la kungoja. Lakini uchunguzi mwingine wa watoto 40 huko Kansas City, uliotolewa mwaka 2010, uliangalia wale ambao usaha wao ulikuwa umekwisha kujikusanya kuwa jipu. Hapo tofauti haikuwa kubwa. Kwa hiyo daktari hana budi kumtazama mtoto aliye mbele yake. Hata yule anayepasuliwa mapema hupewa kwanza maji na dawa mwilini, kwani mtoto aliyekauka maji huweza kushindwa na dawa ya usingizi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa ndugu yangu. Usiku ule baba alidhani wanakaa bure, kumbe walikuwa kazini. Asubuhi alipasuliwa, akaoshwa tumbo, akalazwa siku 9. Leo anacheza mpira na kovu lake anawaonyesha wenzake kama medali.

Kungoja kulikokuwa kubaya ni kule kwetu nyumbani. Watoto wadogo hawajui kueleza maumivu, na walio chini ya miaka 5 wengi hufikishwa hospitali kidole kimekwisha kupasuka. Kwa hiyo, ndugu msomaji, mdogo wako akikuambia tumbo limeanza kitovuni likahamia kulia chini, akakataa chakula, akatapika, akawa na homa na kutembea ameinama, usimpe dawa ya kuharisha. Usimwambie aache ujanja. Na maumivu yakikoma ghafla huku homa inapanda, usishangilie, kwa maana huenda kidole ndipo kimepasuka. Mpeleke akaonwe siku hiyohiyo. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na methali hii safari hii haina fumbo lolote.

Nilimwomba ndugu yangu msamaha. Alicheka tu, akaniambia nimfanyie ile hesabu.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu